Mmomonyoko Ulio Kinywani

Mwezi uliopita mzee mmoja mkulima alifika afisini kwetu kuuliza habari za mbegu ya mahindi. Kabla hajaketi alifungua kitambaa, akanionyesha jino. "Tazama, karani," alisema. "Ni zima, halina tundu, wala halikuniuma. Limetoka lenyewe nikila mahindi ya kuchoma. Na la pili yake linacheza. Sababu ni nini?"

Nilimwuliza, "Mzee, nguzo ya boma ambayo haikuoza huanguka kwa nini?" Alijibu upesi, "Maji yamechukua udongo wake." Basi jino nalo ni hivyo. Limesimama ndani ya mfupa wa taya kama nguzo ndani ya udongo, na ufizi hufunika mfupa huo kama majani yanavyofunika ardhi.

Adui ni ukoga, yaani utando wa vijidudu unaoshika meno karibu na fizi. Usiposuguliwa hugeuka mgumu kama chokaa. Kwanza ufizi huvimba na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Hapo bado waweza kupona kabisa. Ukipuuzwa, ufizi huachana na jino, mfuko hutokea kati yao, na mfupa ulio chini huanza kuliwa.

Mfupa huliwa kwa namna mbalimbali, kama shamba:

Namna ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, hupungua sawasawa kwenye meno mengi, kama udongo wa juu unavyoondoka polepole shamba zima. Meno huonekana yamerefuka.

Namna ya pili, shimo huchimbika upande mmoja wa jino, kama korongo kando ya nguzo. Jino jirani laweza kuwa salama.

Namna ya tatu ni ya magego. Mfupa ulio kati ya mizizi yake ukiliwa, ukoga hukaa mahali mswaki usipofika.

Tena wako vijana wachache ambao ugonjwa huwashika mapema, hasa kwenye meno ya mbele na magego ya kwanza. Mzazi akiona jino la kijana wake linacheza, asingoje.

Daktari wa meno hupima mfuko kwa kijiti cha chuma chenye alama. Milimita 1 mpaka 3 si neno. Eksirei humwonyesha mfupa ulivyoliwa. Wenye kisukari na wavutaji tumbaku wajihadhari zaidi, maana tumbaku huzidisha ugonjwa na huku huificha damu.

Mfupa uliokwisha kuliwa haurudishwi na mswaki, lakini uliobaki hulindwa. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, wa dukani au wa mti, polepole penye mpaka wa jino na ufizi. Ukiona damu, usiache kusugua. Nenda ukaondolewe ukoga mgumu.

Mzee yule alichukua habari za mbegu, kisha akashika njia ya hospitali kuliokoa jino la pili. Matuta hupigwa kabla ya korongo kuchimbika.