Mfuko wa mchanga wa pwani

Maji ya Kilombero yanapopungua wakati wa kiangazi, watoto wetu hapa Ifakara hurudi nyumbani mifuko imejaa makombe ya mtoni na vijiwe. Nasi huwagombeza, maana wafuaji ni sisi! Juzi mmoja wao alituuliza mto huu unaishia wapi. Tulimweleza kuwa Kilombero hukutana na Luwegu, ikawa Rufiji, na Rufiji huenda kuingia baharini upande wa Mafia. Hapo tukamkumbuka mama mmoja wa Unguja aliyeipenda mno pwani ya kwao hata akaiandikia kitabu.

Huyo ni Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Jumba lenyewe lilikuwa ufukoni, na kijito kilichopita ndani yake kikimwaga maji baharini. Siku zile wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika walikatazwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akimwacha mjane na watoto watatu, wa mwisho hajatimiza hata mwaka. Akina mama wenzetu, hebu fikirini: nchi ya baridi, lugha ya kujifunza ukubwani, na nyumbani ndugu wamekukataa.

Afya yake ilidhoofika. Aliogopa kwamba angekufa kabla watoto hawajakua, wasijue mama yao alitoka wapi. Ndipo akaanza kuwaandikia: baba yake akitembea barazani huku akiitazama bahari, vyakula, malezi ya watoto, harusi, misiba, dawa za wagonjwa. Maandishi hayo yalichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Si yote tunayokubaliana naye. Habari za utumwa, kwa mfano, anautetea kupita kiasi. Lakini mambo ya nyumbani anayaeleza kama mtu aliyeyashika kwa mikono yake.

Alirudi kuiona Unguja mwaka 1885 na tena 1888, asipokelewe na ndugu zake kama alivyotumaini. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja.

Tulipomaliza kumsimulia mtoto wetu, aliuliza kama mchanga wa Kilombero nao hufika baharini. Tulimjibu kuwa mwingine hufika, hasa wakati wa masika mto ukifurika. Makombe yake bado yako dirishani. Hatujayatupa.