Mviringo Usiokuwapo kwenye Boneti

Chukua tochi ya simu usiku, simama karibu na gari jeusi lililotoka kuoshwa, umulike boneti. Kuuzunguka mwanga wa tochi utaona mistari myembamba mno imejipanga duara ndani ya duara, mamia kwa mamia, yote ikiwa na kitovu kimoja. Sasa sogeza tochi kushoto. Mistari yote inahama nayo, na kitovu kinabaki palepale mwanga ulipo. Mkwaruzo uliochimbwa kwenye rangi hauna miguu ya kuhama, kwa hiyo mviringo ule haumo kwenye rangi hata kidogo.

Kilichomo ni mikwaruzo mifupi, mingi ikiwa imenyooka, iliyotapakaa kila upande bila mpangilio. Kila mmoja ni mfereji mdogo sana, na mfereji hutawanya mwanga kwenye kuta zake za pembeni, si kwa kufuata urefu wake. Mikwaruzo iliyolala ikiikingama njia ya kuelekea kwenye kitovu cha mwanga ndiyo inayokufikishia mng'ao machoni. Iliyoelekea kitovuni moja kwa moja hutupa mwanga pembeni, nawe huioni. Jicho hupokea ile ya kwanza tu, linaiunganisha, na duara linazaliwa. Toka mbele ya gari uhamie ubavuni: mikwaruzo iliyokuwa imejificha itajitokeza, na iliyokuwa ikionekana itapotea. Jambo hilohilo liko kwenye mfuniko wa sufuria uliosuguliwa kwa stili waya, na kwenye dirisha la ndege jua linapokuwa chini.

Ndiyo maana ushauri unaosikika sana kwenye sehemu za kuoshea magari, kwamba alama hizi huletwa na kusugua kwa kuzungusha mkono, hauna uzito mkubwa. Ukisugua kwa mistari iliyonyooka, leo kwa urefu na kesho kwa upana, utapata duara vilevile. Cha kuulizwa ni nini kilikuwa kati ya kitambaa na rangi.

Na hicho mara nyingi ni mchanga. Vumbi la barabara zetu, liwe jekundu la murami au jeupe la pwani, lina chembe nyingi za madini ya kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs hupata 7, zaidi ya chuma cha kawaida. Uso wa gari ni laini kuliko hivyo kwa mbali. Anayefuta vumbi kavu kwa kitambaa cha manyoya asubuhi kabla ya kwenda kazini anapiga msasa bila kujua, na yule kijana wa kuosha anayechovya sponji moja kwenye ndoo moja kwa magari yote ya siku anafanya vivyo hivyo, ila kwa maji.

Gari linapotengenezwa, bodi yake huzamishwa kwanza kwenye beseni la rangi ya kuzuia kutu, inayovutwa na umeme mpaka kwenye pembe zisizofikika kwa brashi. Juu yake huja praima, kisha rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani: mikroni 10 hadi 20, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwisho hupulizwa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, mikroni 35 hadi 50. Ukijumlisha yote utapata mikroni 100 hadi 150 au hata pungufu kidogo, na unywele wa kichwa una takriban 70. Kwa hiyo anayepapasa boneti ya gari la siku hizi hagusi rangi. Anagusa ganda la plastiki ngumu linalopitisha mwanga, na humo ndimo mikwaruzo yetu inamoishi, mingi ikiwa na kina kisichozidi mikroni chache.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu ya polishi. Mkwaruzo ni mahali ambapo kitu hakipo, na huwezi kuondoa kitu ambacho hakipo. Kinachoondolewa ni klia nzima iliyouzunguka, mpaka ishuke usawa wa sakafu ya mkwaruzo. Fikiria halmashauri inayotibu shimo barabarani kwa kuchonga barabara yote hadi ifikie kina cha shimo. Barabara itakuwa laini kweli, na magari yatapita kwa raha, lakini kila matibabu yanaila lami, na lami haioti tena.

Swali la nini hasa hutokea kitu kinapong'arishwa limewashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya miaka 200. Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704, aliandika juu ya kung'arisha kioo na hakuona muujiza wowote: unga wa kusugulia hukwaruza, unga laini zaidi hukwaruza kwa udogo zaidi, mpaka mikwaruzo inakuwa midogo kiasi cha kutoonekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanakemia wa Uskoti, George Beilby, alipinga. Alipotazama metali zilizong'arishwa kwa hadubini aliona uso uliokuwa kama umetiririka na kufunika mifereji, na akaandika juu ya hilo katika kitabu cha mwaka 1921. Kwa Beilby, kung'arisha kulikuwa kupaka kitu juu ya chenyewe.

Mwaka 1937 huko Cambridge, Philip Bowden na mwenzake Hughes wakaongeza ushahidi wa kushangaza. Walisugua aloi inayoyeyuka kwenye nyuzi joto takriban 70 kwa kutumia kafuri, kitu unachoweza kukivunja kwa vidole. Aloi ikang'aa. Metali zinazoyeyuka kwenye joto la juu kuliko la kafuri, ambalo ni takriban nyuzi 178, hazikukubali. Wakahitimisha kwamba si ugumu unaoamua nani atamng'arisha nani, bali ni nani atayeyuka kwanza pale ncha mbili zinaposuguana na kupata joto kali la kitambo kidogo. Baadaye Leonard Samuels wa Australia alichunguza metali zilizong'arishwa kwa uangalifu zaidi na akakuta dalili za kukatwa, kama Newton alivyosema. Mjadala wa metali na vioo una mengi zaidi, lakini kwa gari mimi namuunga mkono Newton. Klia ya kisasa haiyeyuki, kwa sababu minyororo ya molekuli zake imefungamanishwa pande zote wakati wa kukaushwa. Ukiipasha joto inalainika, na ukizidisha inaungua.

Ndani ya chupa ya kompaundi, yaani polishi kali, basi, kuna visu. Kwa kawaida ni chembe za oksidi ya alumini, zenye ugumu wa 9 kwa kipimo cha Mohs, zikielea kwenye maji na mafuta. Aina nyingine hupondeka chini ya shinikizo na kuwa ndogo kadiri unavyoendelea kusugua, na ndiyo sababu kuacha mapema huacha uso wenye ukungu. Lengo ni kufika mahali ambapo mikwaruzo mipya iliyobaki ni midogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga unaoonekana, yaani mikroni 0.4 hadi 0.7. Chini ya hapo mwanga hauoni tena mabonde. Unarudi kwa pembe moja kama kutoka kwenye kioo, na jicho huita hali hiyo mng'ao.

Kazi hii inawezekana nyumbani, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni subira kabla ya mashine kuwashwa. Gari lioshwe kwa shampuu na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glovu. Kisha boneti ipitishwe udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule unaonasa chembe za breki na utomvu ambazo maji hayazing'oi, kwa sababu chembe moja ya namna hiyo ikinaswa kwenye sponji ya mashine itaandika alama mpya mahali pa kila alama uliyofuta. Kivuli ni lazima. Bati jeusi lililoachwa juani Dar es Salaam mchana haligusiki kwa kiganja, na polishi hukauka juu yake kabla haijafanya kazi.

Mashine za aina mbili huuzwa, na tofauti yake si ndogo. Ya kwanza huzungusha sponji kwenye mhimili mmoja. Ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika na sponji ya sentimita 15, ukingo wa sponji unakimbia karibu mita 12 kwa sekunde, na nguvu yote ya msuguano inatua mahali pamoja. Fundi mzoefu huipenda kwa kasi yake. Asiyeizoea huacha mawimbi ya mikwaruzo ambayo jua la saa kumi huyaanika mlango mzima, au huichoma klia kabisa. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, kwa hiyo hakuna nukta ya rangi inayopitiwa na njia ileile mfululizo, na mkono ukiikandamiza kupita kiasi mzunguko husimama wenyewe. Kwa mtu wa nyumbani sioni sababu ya kununua ya kwanza.

Anza na sponji laini zaidi na polishi nyepesi zaidi uliyo nayo, kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40 tu. Matone manne yanatosha. Mashine iende polepole, kila njia ikilalia nusu ya iliyotangulia, kisha ufute na umulike tochi. Kama duara zimepungua kwa kiasi kinachokuridhisha, hiyo ndiyo dawa ya gari zima, na huna haja ya kali zaidi. Kingo za milango na mikunjo ya bodi zifunikwe kwa tepu ya karatasi: rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye kona kali, kwa hiyo hapo klia ni nyembamba zaidi, na hapohapo ndipo shinikizo la sponji hujikusanya. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache. Kuufuata mpaka chini ni kutafuta rangi.

Kuna njia nyingine ya kupata mng'ao, nayo ndiyo inayouzwa zaidi: kulijaza shimo kifusi. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, hupindisha mwanga kwa kiwango kinachokaribiana na cha klia. Ikijaa ndani ya mfereji, mwanga hauoni mpaka kati ya nta na klia, na mkwaruzo hupotea machoni. Mafuta yaliyomo kwenye polishi nyingi hufanya vivyo hivyo. Hakuna ulaghai hapo, mradi mwenye gari ajue alichonunua. Ukitaka kujua kazi ya fundi ilikuwa ya kukata au ya kujaza, futa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mulika tena. Kifusi huondoka na duara hurudi.

Wenye magari meupe husoma haya yote kwa utulivu, na wana haki. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, ukitawanyika kila upande, na mng'ao mdogo wa mikwaruzo unazama humo. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote. Kinachorudi ni takriban asilimia 4 tu inayoakisiwa na uso wa klia ukitazama kwa wima, na juu ya giza hilo kila mfereji unaonekana. Mikwaruzo inaweza kuwa sawa kwenye magari yote mawili.

Kinachonihangaisha zaidi ni unene. Klia ndiyo iliyobeba kemikali za kumeza miale ya urujuanimno, na ulinzi wake haupungui kwa hesabu ya kutoa bali kwa hesabu ya kuzidisha. Tuseme mikroni 40 zinapitisha asilimia 1 ya miale hiyo; basi mikroni 20 zitapitisha asilimia 10. Umekata nusu ya klia, nayo miale inayofika kwenye rangi imeongezeka mara kumi. Huku karibu na ikweta, ambako kipimo cha miale hiyo hupita 11 mara kwa mara, tofauti hiyo si ya kinadharia. Polishi nyepesi huondoa mikroni moja au chini yake, kompaundi kali huondoa kadhaa, na msasa wa maji huondoa zaidi.

Magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yametumika Japani kwanza. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane, lakini umri haukuambii gari limepigwa polishi mara ngapi njiani: na mwenyewe wa kwanza, na wauzaji kule kabla ya mnada, na wauzaji huku kabla ya kulianika yadini. Kipimo cha unene, kile kidude cha mkononi kinachotumia sumaku kwenye chuma na mikondo ya umeme kwenye alumini, husoma jumla ya matabaka yote na hakitenganishi klia na praima. Hata hivyo mlango ukisoma 110 na boneti ikasoma 80, mashine ibaki kwenye boksi kwa upande wa boneti. Kama paa limeshaanza mabaka meupe yanayobambuka pembeni, klia hapo imekwisha kazi, na hakuna chupa inayoirudisha: hiyo ni kazi ya fundi rangi, msasa na bunduki ya kupulizia.