Moteri kidogo yenye kuamsha trakta ya zamani

Bandugu, mvua ya Kolwezi inakaribia, na trakta ya minyororo ikikataa kuwaka, mahindi ya mwaka huu yamekwisha. Watu wanakimbilia kupasua moteri kubwa ya mazutu. Mara nyingi shida iko ku ile ndogo ya pembeni.

Caterpillar ilianza kuuza trakta za dizeli mu 1931. Kompresio yake ni kali, mkono hauwezi kuizungusha. Njo maana waliweka moteri ndogo ya esanse, silinda 2, inayowashwa na kamba ao manivela. Maji yake yanazunguka pamoja na ya kubwa, yanaipasha moto. Ndipo unashika klachi, unazungusha dizeli bila kompresio mpaka presha ya oili ipande.

Anza na manyeto. Cheche ikiwa nzuri, osha kabirateri: esanse ya zamani inaganda humo kama ulimbo. Halafu nusa oili, kwani moteri ndogo iko na karteri yake pekee. Ikinuka esanse, robine inavuja, na kusineti zitakufa. Kuna wenye kuweka demarere ya umeme. Mimi sishauri, batri nguvu ku kijiji utaichajia wapi?

Ukimaliza kazi, funga robine, acha esanse iishe, moteri izime yenyewe.