Askari wa Anga Aliyeileta Kompyuta Nyumbani

Kompyuta za mwanzo zilikuwa mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Zilijaza chumba kizima, na raia wa kawaida hakupata hata nafasi ya kuzigusa. Miongoni mwa waliozifikisha majumbani, Ed Roberts, ofisa wa Jeshi la Anga la Marekani, ana haki ya kutajwa kwanza.

Mwaka 1969, akiwa bado jeshini huko Albuquerque, Roberts na wenzake walianzisha kampuni ndogo iitwayo MITS. Walistawi kwa kuuza mashine za kupigia hesabu, hadi makampuni makubwa yaliposhusha bei, naye akabaki na deni zito. Mwaka 1974 aliomba benki mkopo mwingine, akiahidi kuuza kompyuta mia nane. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kompyuta yenyewe, Altair 8800, ilitokea katika jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Iliuzwa vipande vipande kwa dola 439, na mnunuzi aliiunga mwenyewe kwa risasi. Haikuwa na kioo wala kibao cha herufi. Mbele yake palikuwa na swichi na vijitaa vyekundu tu. Kila amri iliingizwa kwa kupandisha na kushusha swichi, na umeme ukizimika yote yalipotea. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, yaani isingeweza kubeba hata aya hii. Hata hivyo, maagizo yalimiminika kwa maelfu.

Tarehe 5 Machi 1975, wapenzi wapatao thelathini walikutana katika gereji huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Siku moja mwenzao, Steve Dompier, aliweka redio ndogo karibu na Altair yake. Mawimbi ya mashine yakaifanya redio iimbe wimbo wa Beatles. Ukumbi ulishangilia. Steve Wozniak naye alikuwa mwanachama, na Apple I yake ya mwaka 1976 ilizaliwa katika mikutano hiyo. Mwaka 2014 moja iliuzwa mnadani New York kwa dola 905,000, bei ambayo mimi naiona ya ajabu. Nawastahi zaidi wale wanaozifufua mashine za zamani kwa mikono yao: hubadilisha kapasita zilizokauka, huondoa kutu, kisha hupitisha umeme kidogo kidogo zisije zikaungua.

Roberts aliuza kampuni yake mwaka 1977, akahamia Georgia kulima. Kisha akasomea udaktari, ndoto yake ya ujanani, akahitimu mwaka 1986 na kuwatibu watu wa mji mdogo wa Cochran. Alifariki dunia Aprili 2010.