Baruti ndani ya pango la Zeus

Wadau, kuna msomaji ameuliza hivi: wanaakiolojia wanapigia kelele nini pale mwanakijiji anapookota kisanamu pangoni na kukiuza? Si mwishowe kinafika makumbusho? Swali zuri. Mimi nalijibu kwa mapango mawili ya Ugiriki.

La kwanza liko juu ya kijiji cha Psychro, kisiwani Krete. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Kronos alikuwa akiwameza watoto wake wasije wakampindua. Mkewe Rhea alipomzaa Zeus, akamficha katika pango la Krete. Kama pango lenyewe ndilo hili, wataalamu bado wanabishana. Kisichobishaniwa ni kwamba watu walipeleka sadaka humo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Miaka ya 1880 wanakijiji wakaanza kuokota vitu, na vitu vikaanza kuuzwa. Mwaka 1896 Arthur Evans, yule wa Knossos, alipata hapo kipande cha meza ya mawe ya sadaka chenye maandishi ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Halafu mwaka 1900 akaja Mwingereza David Hogarth. Ukumbi wa juu ulikuwa umejaa mawe makubwa yaliyoporomoka. Jamaa akayalipua kwa baruti!

Kule chini, penye dimbwi la maji, vibarua wakakuta visu, visanamu na vishoka vya makali mawili, vyote vya shaba, vimesokomezwa kwenye nyufa za nguzo za chokaa. Maana yake kuna mtu aliteremka gizani, akachagua ufa, akakipachika kitu chake kwa mkono wake mwenyewe. Hilo tunalijua kwa sababu vilikutwa mahali pake. Kile kilichouzwa sokoni hakisemi lolote kati ya hayo.

Udongo wa pangoni hulala tabaka juu ya tabaka, na kwa kawaida la chini ndilo la zamani zaidi. Ukishauvuruga, kisu unacho, lakini hujui kilikaa na nini wala kilitangulia nini. Hogarth simtukani, enzi zile wengi walichimba kwa haraka, na yeye angalau aliandika ripoti. Ila tabaka likishavurugwa halirudi.

Sasa twende pango la pili, Korykion, kwenye mlima Parnassos juu ya Delphi. Hili lilikuwa la mungu Pan na wale mabinti wa milimani na chemchemi walioitwa Nymphai. Herodotus anasema Waajemi walipovamia mwaka 480 KK, baadhi ya watu wa Delphi walikimbilia huko. Wafaransa wakiongozwa na Pierre Amandry walilichimba kati ya 1969 na 1971, taratibu, na kila kitu wakakihesabu.

Unajua walipata nini kwa wingi? Vifupa vya kifundo cha mguu, vya mbuzi na kondoo. Kama 23,000 hivi! Vingine vimesuguliwa, vingine vimetobolewa. Wagiriki walivirusha kama dado, kwa mchezo na kwa kupigia ramli. Pamoja navyo, vipande vya visanamu vya udongo kwa maelfu na maelfu.

Hebu fikiria, nani angenunua kifupa cha mbuzi? Mwizi wa mambo ya kale angevitupa nje vyote akitafuta shaba. Na kwa kuvitupa angewafuta watu wa kawaida, wale ambao hawakuwa na dhahabu ya kupeleka Delphi, wakapanda mlima na kile walichokuwa nacho. Vitabu vya zamani vinawataja zaidi wafalme na majenerali. Hawa wengine ushahidi wao ni vifupa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kelele zile si za wivu. Kinachoibwa ni habari za watu, na hizo hazina duka la kuzinunulia tena. Ukikuta kitu cha kale, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aimwage hapo chini.