Dema Moja Halitoshi

Wiki iliyopita nilikuwa Fumba. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza: “Mwanangu, mjukuu wangu alipewa dawa za saratani, uvimbe ukaondoka. Sasa umerudi. Nimwache nyumbani?”

Nikamwambia: “Mzee wangu, dema lenye matundu makubwa hunasa samaki wakubwa, wadogo wakapenya. Kesho ni hao waliopenya watakaozaana. Saratani nayo ni hivyo. Seli chache hujua kuikwepa dawa. Nyingine zikifa, hizo hubaki na kuenea.”

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, chini ya Dkt. John Ziegler, Mmarekani. Walitibu watoto wenye uvimbe wa taya, ugonjwa alioueleza Denis Burkitt mwaka 1958. Wakagundua kuwa uvimbe unaorudi mapema mara nyingi huikaidi dawa ile ile. Unaochelewa kurudi mara nyingi huitii tena. Baadaye Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu adriamaisini kwa saratani ya ini, ambayo huzishinda dawa nyingi.

Ndiyo maana madaktari huchanganya dawa: aliyepenya dema atanaswa na mshipi.

“Basi usimwache nyumbani,” nikamwambia mzee. “Mrudisheni hospitali, na mumweleze daktari uvimbe ulirudi baada ya muda gani. Jibu hilo lina uzito.”