KUBADILISHIWA DAWA SIYO KUSHINDWA

Leo tuzungumze juu ya kansa ya kongosho. Kongosho ni kiungo kilichopo nyuma ya mfuko wa tumbo. Hutoa maji ya kusaga chakula, na husaidia kurekebisha sukari mwilini.

Kansa hii hujificha. Mara nyingi dalili huonekana ugonjwa umekwisha kukomaa: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe, kukonda, na maumivu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni. Ukiona hivyo, wahi hospitali.

Kama kansa haijaenea, huweza kukatwa. Lakini karibu na kongosho imepita mishipa mikubwa ya damu. Uvimbe ukiikumbatia mishipa hiyo, ni vigumu kuutoa wote. Basi mgonjwa huanza na dawa za kansa kwa miezi kadhaa. Hutiwa kwenye mshipa wa damu. Mchanganyiko mmoja hutolewa kila baada ya wiki 2.

Je, tutajuaje kama dawa inafanya kazi? Mkulima wa pamba akipuliza dawa, hurudi shambani kutazama wadudu. Daktari naye, baada ya miezi 2 hivi, hupiga picha za ndani ya mwili na kupima damu. Uvimbe ukipungua au ukitulia, huendelea. Ukikua, huweza kubadili mchanganyiko. Na mgonjwa akizidi kufa ganzi mikono na miguu, hupunguziwa kipimo.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema, "Dawa zimeshindwa, turudi nyumbani tukatafute mizizi." Hapana! Kubadili dawa ni sehemu ya matibabu. Kweli, siyo kila mgonjwa hufikia kupasuliwa, na hata akipasuliwa kansa huweza kurudi. Lakini anayekatisha matibabu hujifungia mlango mwenyewe.

Jambo jingine: dawa hizi hupunguza askari wa mwili. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje kesho wala usinunue vidonge dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anatumia mitishamba, mwambieni daktari, msimfiche.

Sisi tunajua kusoma na kuandika. Basi tumwekee mgonjwa wetu daftari. Tuandike tarehe ya dawa, homa, ganzi, na chakula alichokula. Daktari akiuliza, tufungue daftari tumsomee.